Jinsi ya Kuandika Ratiba ya Tamasha la Kwaya za Sekondari Bila Kuwaimbisha Watoto Mbele ya Viti

Mwongozo huu ni wa mwalimu yeyote wa Moshi, wa mjini au wa mlimani, aliyeitwa ofisini kwa mkuu wa shule akaambiwa, "Mwalimu, wewe mambo ya nyimbo unayajua, tuandalie ratiba," akatoka humo na karatasi moja nyeupe mkononi. Hongera. Siku hiyo hakuna atakayekuwa na kazi kubwa kuliko yako, na mgeni rasmi namhesabu humo humo.

Kabla hujashika kalamu, nikusimulie nilichokiona kwenye tamasha moja. Kulikuwa na kwaya ya wasichana kutoka upande wa Rombo. Waliamshwa saa tisa usiku, wakaoga maji ya baridi, wakapanda Coaster wakiwa na masweta juu ya sare. Kwenye ratiba walikuwa namba 14 kati ya kwaya 14, kwa sababu moja tu: barua yao ya kuthibitisha ilichelewa kushuka mlimani, na mwandishi alipanga majina kadiri barua zilivyomfikia. Walikaa chini ya turubai kutwa nzima wakiwasikiliza wenzao na hotuba. Zamu yao ilipofika ilikuwa saa kumi na mbili kasoro jioni. Mgeni rasmi alishaondoka. Majaji walikuwa wameinamia karatasi wakijumlisha alama. Vijana wawili walikuwa wakikusanya viti vya plastiki na kuvipachika kimoja juu ya kingine, tak, tak, tak.

Mwalimu wao akawapa sauti kwa mdomo, taratibu, do, mi, so, kila kundi na yake, kisha akainua mkono. Katikati ya ubeti wa pili fundi mitambo akapita akikunja waya wa maikrofoni kati ya kiganja na kiwiko, na maikrofoni yenyewe ilikuwa imesimama mbele ya msichana aliyeanzisha wimbo. Yule binti alirudi nyuma nusu hatua ili fundi apite. Sauti yake haikuyumba. Walimaliza wimbo mpaka mwisho, na hakuna aliyepiga makofi, maana waliobaki walikuwa na viti mikononi.

Ile nusu hatua sijaisahau, na kila ninachokueleza hapa kimetoka kwake.

Anza na siku. Ijumaa mchana wanafunzi wako Waislamu wako msikitini. Jumamosi Wasabato wako kanisani, na usiwachukulie kama watu wawili watatu: misheni yao iliingia Upareni mwaka 1903, na ukifanya tamasha Jumamosi umefunga mlango kwa waimbaji wengi wa Same na Mwanga. Jumapili Walutheri na Wakatoliki wanaimba kwao, na mpiga kinanda uliyemtegemea ana ibada mbili. Andika Alhamisi. Ukishaandika, ulizia siku za masoko kwenye njia watakazopita wageni wako. Alhamisi yako ikigongana na soko, magari yatakwama katikati ya mikungu ya ndizi huku waimbaji wakichungulia madirishani. Hapo rudi nyuma siku moja, fanya Jumatano.

Mwezi nao una mambo yake. Aprili na Mei ni masika, na bwalo la shule lina paa la bati. Mvua ya mlimani ikianza kupiga bati hakuna soprano duniani atakayeishinda. Juni na Julai ni baridi na ukungu, makohozi ni mengi kuliko noti. Novemba kidato cha nne wako kwenye mtihani wa taifa. Mimi ningeweka mwishoni mwa Agosti, ingawa Agosti ina tatizo moja ambalo watu wa nje ya kwaya hawalioni. Kidato cha sita hufanya mtihani wao Mei, na wakiondoka huondoka na besi yote. Wale vijana wenye vifua, waliojifunza kwa miaka miwili kushika sauti ya chini bila kuvutwa na teno, wanabeba matranka yao wanakwenda. Kidato cha tano wapya wanaripoti Julai, na katika wiki chache za mwanzo nusu yao hawajui hata bweni lao liko wapi, sembuse wimbo wako. Kwa hiyo siku ile ile ya kuripoti, mwalimu, kaa karibu na geti. Kila kijana anayekuja na sauti ya kusalimia inayotikisa dirisha, chukua jina lake kabla mwalimu wa michezo hajamwona.

Na ukikosa besi usione aibu, usijifanye unazo. Mwalimu mwenzetu mmoja alishawahi kuandika mbele ya wakubwa wake hali halisi ya kwaya yake. Johann Sebastian Bach, mwanamuziki ambaye leo dunia nzima inamtaja kwa heshima, alikuwa na wajibu wa muziki katika shule ya Mtakatifu Thomas mjini Leipzig, na tarehe 23 Agosti 1730 aliliandikia baraza la mji waraka wa malalamiko. Aliwahesabu vijana wake bila kuficha: 17 wanafaa, 20 hawajafaa bado, 17 hawafai kabisa. Hamsini na wanne wote pamoja, na mwenye kufaa ni chini ya mmoja kati ya watatu. Nasimulia haya Moshi kwa sababu yanatuhusu. Mji huo huo wa Leipzig ndio uliokuwa makao ya misheni iliyofungua kituo chake cha kwanza mlimani kwetu, Machame, mwaka 1893, wakati Mapadre wa Roho Mtakatifu walikuwa wameshafika Kilema. Kuimba kwa sauti nne, ambako leo mtoto wa Marangu anakujua kama anavyojua kumenya ndizi, kulipita njia hizo. Basi fuata mfano wa mwenye kazi. Mwandikie mkuu wa shule nusu ukurasa wenye hesabu: besi watatu, teno watano, kinanda kimoja chenye vitufe vinne visivyolia. Mkuu wa shule anayeletewa namba hutafuta fundi wa kinanda. Anayeambiwa "kwaya ina changamoto" huitikia kwa kichwa tu.

Sasa hesabu ya muda, na hapa naomba utulie, kwa sababu ndipo matamasha yanapokufa.

Una kwaya 14. Kila moja nyimbo mbili, kila wimbo dakika nne, jumla dakika nane. Waandishi wengi wa ratiba huishia hapo, wakazidisha, wakafurahi. Wamesahau kwamba watoto arobaini hawapandi jukwaani kama moshi. Wanapanga mstari, wafupi mbele, kuna mmoja kamba ya kiatu imefunguka, mwalimu anawasogeza besi nyuma, anatoa sauti, anasubiri mtoto mchanga wa mgeni fulani anyamaze. Baadaye wanashuka. Weka dakika nne za kupanda na kushuka, usipunguze hata moja. Kumi na mbili mara 14 ni dakika 168, yaani saa mbili na dakika 48 za kuimba tu, kabla hujaongeza sala, hotuba, chakula, na yule mtu ambaye hayumo kwenye ratiba lakini ana "neno moja la shukrani".

Kwa hesabu hiyo ratiba inajiandika yenyewe. Saa 4:00 asubuhi Wimbo wa Taifa na sala fupi. Saa 4:10 kwaya nane za mwanzo, zitakazokwisha kama saa 5:46. Saa 5:46 risala na mgeni rasmi. Saa 6:00 mchana wimbo wa pamoja. Saa 6:15 chakula, na kiwe chakula kweli, makande au wali na maharage yenye moto, si soda na andazi. Saa 7:15 kwaya sita zilizobaki. Saa 8:27 majaji. Saa 9:00 alasiri magari yanaondoka. Ni tamasha zima, na Rombo wanafika nyumbani jua halijazama.

Nani aimbe lini? Tupa kule mpangilio wa barua zilivyofika, na tupa pia mpangilio wa alfabeti, unaomwonea Umbwe kila mwaka kwa kosa la kuanza na herufi U. Panga kwa umbali wa kulala. Anayelala mbali aimbe asubuhi, anayelala karibu aimbe mwisho. Mwanafunzi wa mjini Moshi akiimba saa nane mchana atatembea kwa miguu mpaka kwao na bado ataikuta chai. Wa Hai wafungue, maana barabara yao ni fupi na wanawahi. Tarakea wape namba sita au saba, ili hata gari likichelewa Himo wapate nafasi ya kunyoosha miguu na kupasha sauti. Na tenga darasa moja kwa kazi hiyo, lenye kinanda kama kipo, maji ya uvuguvugu ya kunywa, na mwanafunzi mmoja mlangoni wa kuita kwaya inayofuata. Sauti iliyosinzia kwenye kiti cha Coaster tangu alfajiri inahitaji dakika kumi za kuamshwa. Ukiirusha jukwaani moja kwa moja itashuka nusu noti kabla ya kiitikio, na mtoto atadhani kosa ni lake.

Jingine: usishindanishe visivyofanana. Mkoa huu una shule za wasichana kama Weruweru, Machame, Kibosho na Ashira, ambazo huimba bila sauti za kiume, na una seminari kama Uru na Maua ambako kuna wavulana peke yao. Kumwambia jaji apime kwaya ya wasichana kwa kipimo cha kwaya ya mchanganyiko ni kama kumpima mbuzi maziwa kwa ndoo ya ng'ombe. Andika kwenye ratiba mbele ya kila jina: wasichana, wavulana, mchanganyiko. Ni neno moja tu, na jaji atajua asitafute besi ambayo haiwezi kuwepo.

Tumefika kwa mgeni rasmi. Nampenda mgeni rasmi. Anapokuja watoto hukaa wima, wazazi huvaa vizuri, na pengine shule hupata matangi ya maji. Mwandalie nafasi ya heshima, ila ratiba isimning'inie shingoni mwake. Kwenye barua yake andika saa 4:00, na saa 4:00 anza, awepo asiwepo. Akifika kwaya inaimba, mshereheshaji asikatishe wimbo kumtangaza. Asubiri wimbo uishe, watu wote wasimame, apigiwe makofi ya kweli ya watu waliochangamka. Nimeona viongozi wakisimama wenyewe mlangoni mpaka wimbo ukaisha, na watoto waliliona hilo.

Hotuba yake ipe dakika saba na uiweke kabla tu ya wimbo wa pamoja. Sababu yake ni ya kiufundi. Wakati anapanda kuongea, kwaya zote 14 ziwe zimeshasimama nyuma yake zimejipanga, watoto zaidi ya mia tano, wamenyamaza, wamevuta pumzi. Mtu mwenye watoto mia tano wanaopumua nyuma ya kisogo chake huongea vizuri na kwa kifupi. Hatasoma ukurasa wa tisa wa mafanikio ya sekta. Atageuka awaangalie, atasema maneno mawili yanayotoka moyoni, na hayo ndiyo watakayoyakumbuka.

Risala isomwe na mwanafunzi, ukurasa mmoja, ombi moja. Ukiomba bweni, uzio, basi na maabara kwa pamoja, mgeni ataahidi "kuyafanyia kazi" yote manne na hakuna litakalofika. Omba kinanda. Taja bei yake. Utambulisho wa wageni wa meza kuu nao umeshaua asubuhi nyingi. Chapisha majina yao nyuma ya ratiba, kisha waombwe wasimame wote kwa pamoja na kupunga mkono.

Nirudi kwenye wimbo wa pamoja. Kwa kawaida tamasha huwa na wimbo wa lazima, na kila kwaya huuimba kwa zamu. Kwaya 14, wimbo ule ule mara 14. Ikifika ya tisa, hata mtunzi mwenyewe angeomba ruhusa atoke nje. Wape wimbo huo miezi miwili kabla, kwa noti na kwa solfa, maana kuna walimu wanaosoma moja tu kati ya hizo, halafu uimbwe mara moja, na wote, saa sita kamili mchana. Besi watatu wa shule yako watasimama kati ya besi hamsini. Kijana aliyekuwa akinong'ona kwa hofu atasikia sauti kubwa pande zote, na ghafla ataachia ya kwake. Hilo huwezi kumfundisha darasani kwa chaki.

Kwenye karatasi ya ratiba, mbele ya kila wimbo, andika jina la mtunzi. Hili nalisisitiza kwa nguvu zangu zote. Anza na wa kwanza kabisa: Wimbo wa Taifa, muziki wa Enoch Sontonga, 1897. Sontonga alikuwa mwalimu wa shule ya misheni karibu na Johannesburg na kiongozi wa kwaya, na wimbo huo aliutunga akiwa katika kazi hiyo hiyo unayoifanya wewe. Wimbo unaofungua kila tamasha la shule nchini ulitoka kwa mwalimu wa kwaya, na ratiba nyingi zinaandika "Wimbo wa Taifa – Wote". Halafu wapo watunzi wetu walio hai, wanaotunga usiku nyuma ya maandalio ya somo. Usiandike "wimbo wa asili" wakati mwenye wimbo anafundisha hisabati shule ya jirani na amekaa mstari wa tatu akisubiri kusikia jina lake. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inampa mtunzi haki ya kutajwa, lakini hata bila sheria, ni adabu.

Wimbo wa Kichaga uandikiwe maana yake kwa Kiswahili, mstari mmoja. Kirombo na Kimachame si kitu kimoja, mwanafunzi aliyetoka Tabora hajui hiki wala kile, na ni jambo la kusikitisha kuona nusu ya ukumbi wakicheka na kulia huku nusu nyingine wakiwaangalia tu. Na kwa kuwa shule zetu ni za watoto wa dini zote, kila kwaya iambiwe mapema kwamba mmoja kati ya nyimbo zake mbili uwe wa nyumbani, wa kazi, wa mavuno au wa nchi, ambao mtoto yeyote anaweza kuuimba kwa kinywa kizima.

Vyombo: kama mko ndani, kwaya iimbe bila maikrofoni. Ukiweka maikrofoni moja mbele ya watu arobaini, ukumbi utamsikia msichana mmoja wa soprano na pumzi zake. Kama ni nje, isimame na ukuta nyuma yake. Nyimbo za kufuatisha CD zisipokelewe kabisa; tumekuja kusikiliza watoto. Mavazi ni sare ya shule, iliyofuliwa. Mzazi anayechuma kahawa asiombwe kitenge kipya kwa ajili ya dakika nane.

Majaji wasitangaze wa kwanza mpaka wa kumi na nne. Wampe kila mwalimu karatasi iliyoandikwa kwa mkono: hapa alto walipotea, hapa mlivuta pumzi katikati ya neno, huyu binti aliyeanzisha mtunzeni. Namfahamu mwalimu anayeitunza karatasi ya namna hiyo ndani ya kitabu chake cha nyimbo, imekunjwa mara nne mpaka mikunjo imeanza kuachia, na kila anapoanza na kwaya mpya huitoa na kuwasomea.

Mwisho wa ratiba, chini kabisa, baada ya magari kuondoka, kuna mstari mmoja ambao waandishi hawauandiki kwa kuwa wanaona ni wa mhudumu. Uandike, na uweke saa na jina la mhusika kama mistari mingine: "Saa 9:15 – kukusanya viti." Halafu asubuhi hiyo, kabla ya sala, chukua funguo za stoo ya viti, nenda kwa mwalimu wa kwaya namba 14, mpe mkononi, mwambie akae nazo mfukoni mpaka watoto wake wote wawe wameshuka jukwaani.